Gramafoni ya Babu Yarudi Kapkatet

Wiki ya pili baada ya Pasaka mwaka huu nilifunga safari kwenda nchi ya Wakipsigis, huko Kenya, nikiwa nimepakata sanduku jeusi magotini tangu Sirari hata Kapkatet. Abiria wengi waliniuliza, "Humo ndani mna nini?" Nami nikawajibu, "Mna deni." Wengine walicheka, wengine wakasogea mbali kidogo. Leo nimeona vema niwaeleze habari za sanduku hilo, na za mahali nilipolipeleka, na za mwimbaji mmoja wa Marekani ambaye jina lake lilifika katika vilima vile zamani sana, likageuka likawa jina jingine.

SANDUKU CHINI YA KITANDA

Mimi ni karani wa parokia upande wa Tarime. Nilisomea ualimu chuoni, lakini kazi niliyoipata ni ya vitabu: ubatizo, ndoa, mazishi na michango. Nimezoea kutafuta majina ya watu waliotangulia, maana kila wiki huja mtu akitaka cheti cha baba yake au cha shangazi yake. Sikudhani kwamba iko siku nitatafuta jina kwa ajili ya nyumba yetu wenyewe.

Babu yangu alifariki mwaka 1996, nami nilikuwa mtoto mdogo. Katika ujana wake alikwenda Kericho kuchuma chai, kama walivyofanya vijana wengi wa kwetu, na wa Kisii, na wa Ujaluo. Alikaa huko tangu mwaka 1954 hata mwisho wa mwaka 1957. Aliporudi alikuja na blanketi mbili, taa ya chemli, na gramafoni. Sisi wajukuu tuliikuta gramafoni hiyo chini ya kitanda cha bibi, imefunikwa kwa gunia. Tulikatazwa kuigusa. Nilipouliza kwa nini haipigwi, bibi alinijibu neno moja tu: "Imelala."

Mwezi wa Januari mwaka huu bibi aliugua sana. Usiku mmoja akaniita, akaniambia nifunge mlango. "Mjukuu wangu," akasema, "chombo kile si chetu."

Akanieleza. Huko Kericho babu alikaa kambi moja na kijana wa Kikipsigis wa Kapkatet, wakapatana mno, hata wakawa wanapika chungu kimoja. Kijana yule na kaka yake walikuwa wamechanga mishahara yao wakanunua gramafoni. Basi Desemba 1957 babu alipokuwa anarudi nyumbani kuoa, aliiazima ili ipigwe siku ya arusi. Alisema atairudisha baada ya miezi miwili. "Na arusi yenyewe ilikuwa yangu," akasema bibi. "Watu walicheza mpaka jogoo akawika."

Baada ya arusi baba wa babu aliugua, ng'ombe wakauzwa, na babu hakurudi tena kazini. Mwaka wa kwanza alisema, "Nitaipeleka baada ya mavuno." Mwaka wa pili akaona haya kidogo. Mwaka wa tano akaona haya sana. Mwaka wa kumi hakutaka tena kuisikia ikitajwa. Deni ni kama magugu, hukua bila kupaliliwa.

"Ipeleke ningali hai," bibi akaniambia. "Nataka nisikie wamesema nini."

Nikamwandikia karani mwenzangu wa parokia moja ya upande ule, nikampa jina la yule rafiki na la baba yake, kama bibi alivyoyakumbuka. Baada ya wiki tatu akanipigia simu. Katika kitabu cha ubatizo alilikuta jina, na katika kitabu cha mazishi alilikuta tena: rafiki wa babu alizikwa mwaka 1991. Lakini nyumba yake ipo, mwanawe yupo, na dada yake mdogo angali hai. Kisha mwenzangu akaniuliza gramafoni hiyo ina sahani gani. Nikamsomea karatasi ya katikati, maana ni moja tu iliyosomeka: Jimmie Rodgers. Akacheka sana. "Kumbe unamrudisha Chemirocha nyumbani!" Sikumwelewa wakati ule.

CHOMBO CHENYEWE

Vijana wengi wa leo hawajaiona gramafoni, basi na nieleze kidogo. Ni sanduku la mbao lililovikwa kitambaa kigumu cheusi, lenye mpini wa kubebea. Ubavuni lina tundu la kutia mkono wa chuma. Ukiuzungusha mkono huo, unakaza utepe mrefu wa chuma uliojiviringa ndani, kama ule wa saa ya kutia ufunguo. Utepe ukijikunjua huzungusha kibao cha duara kilicho juu, na vipande vidogo vya chuma vizungukavyo ndani huzuia mwendo usizidi, yaani mizunguko 78 kwa dakika.

Juu ya kibao huwekwa sahani nyeusi ya muziki. Sahani ina mfereji mmoja mwembamba unaojiviringa kutoka ukingoni hata karibu na kati, na kuta za mfereji huo zimepindapinda kwa kadiri ya sauti iliyoimbwa. Sindano ikipita humo hutikisika. Mtikisiko hufika katika kiwambo chembamba, kiwambo hutikisa hewa, na hewa hupita katika pembe iliyofichwa ndani ya sanduku, ikatoka kama sauti ya mtu. Hapana umeme, hapana betri. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 huimba dakika tatu hivi, kisha kimya. Ndiyo sababu chombo hiki kiliweza kufika vijijini zamani sana.

Sahani zenyewe hazikuwa za plastiki kama zile za baadaye. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa India, uliochanganywa na unga wa mawe. Huvunjika kama chungu. Babu aliacha sahani tatu.

Gramafoni yetu haikuweza kuzunguka. Nikaipeleka kwa fundi wa cherehani. Akaniambia nikae mbali, kwa maana utepe ule ukifyatuka huweza kukata mkono. Aliufungua pole pole, akauosha kwa mafuta ya taa, akapaka grisi mpya. Ile ya zamani ilikuwa imekauka ikawa kama gundi. Hakuna kilichovunjika. Shida ikawa sindano. Zamani sindano za chuma zilibadilishwa kila upande wa sahani, nasi hatukuwa na hata moja. Huko Ulaya watu waliwahi kutumia sindano za miba na za mianzi, kwa sababu hazikwaruzi sahani kama chuma. Fundi wetu hakuwa amesoma habari hizo. Alikata mwiba wa mgunga uani kwake, akaunoa kwa msasa, akauchomeka.

Tuliipiga jioni ile chumbani kwa bibi. Kwanza ilisikika kama mvua inyeshayo juu ya bati, kisha gitaa, kisha sauti ya mtu mwembamba akiimba taratibu. Na mwisho wa mstari sauti ikaruka ghafula kutoka kifuani hata juu kabisa, ikavunjika, ikarudi, kama mchungaji aitaye ng'ombe ng'ambo ya bonde. Bibi alifumba macho. "Ndiye," akasema. "Ndiye yule wa arusi yangu."

MTU WA RELI

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 huko Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, na mtoto naye akaingia kazi ya reli, kwanza akiwapelekea vibarua maji ya kunywa. Wengi wa vibarua hao walikuwa watu weusi, nao walifanya kazi huku wakiimba. Kutoka kwao alijifunza blues, yaani nyimbo za watu walioonewa na kuchoka: mstari mmoja huimbwa, hurudiwa, na wa tatu huja kuujibu. Ni nyimbo za huzuni, lakini mwenye kuimba huondoka mwepesi kuliko alivyokuja.

Mwaka 1924 aliambiwa kwamba ana kifua kikuu, na kazi ya reli ikamshinda. Tarehe 4 Agosti 1927, katika mji wa Bristol, aliimba kwa mara ya kwanza mbele ya mtambo wa kunasa sauti. Tangu hapo hata kufa kwake hakupata miaka sita kamili, lakini aliacha nyimbo zaidi ya 100. Mwaka 1930 aliimba pamoja na mpiga tarumbeta mweusi Louis Armstrong, jambo lililokuwa geni katika nchi ile iliyowatenga watu kwa rangi. Mwezi wa Mei 1933, huko New York, aliimba nyimbo zake za mwisho akiwa dhaifu hata akawekewa kitanda cha kupumzikia kati ya wimbo na wimbo. Akafa tarehe 26 ya mwezi ule ule, umri wake miaka 35.

Nyimbo zake ziliwafikia weupe na weusi. Chester Burnett, mwimbaji mweusi wa Mississippi aliyejulikana kwa jina la Howlin' Wolf, alijaribu ile sauti ya kuruka, na koo lake nene likatoa mngurumo badala yake. Mngurumo huo ndio uliompa sifa. Mwaka 1951 aliimba huko Memphis mbele ya mitambo ya Sam Phillips, na mwaka 1954, katika chumba kile kile, kijana Elvis Presley aliimba nyimbo zake za kwanza zilizouzwa madukani. Ndipo muziki wa rock ulipoanza kutapakaa duniani. Mwaka 1986, walipoanza kuwaandika wakuu wa muziki huo katika jumba lao la heshima, walimwandika na Jimmie Rodgers miongoni mwa waliowatangulia, ingawa alikuwa amekufa zaidi ya miaka 50.

Nimewaeleza haya ili mjue ni nani aliyekuwa ndani ya sanduku lile.

SAFARI

Mpakani Sirari afisa mmoja kijana aliniamuru nifungue. Alitazama, akazunguka meza, akawaita wenzake. "Mzee, hii ni mashine ya nini?" Nikamwambia mimi si mzee, mzee ni mashine. Nikakaza utepe, kibao kikazunguka bila waya wowote, nao wakastaajabu. Mmoja akasema bibi yake alikuwa nayo, ikaliwa na mchwa. Wakaniruhusu nipite, wala sikutozwa kitu.

Kutoka Isebania nilipanda gari la kwenda Kisii kupitia Migori. Nchi inapanda taratibu: kwanza mahindi na tumbaku, kisha miwa, kisha migomba ya Kisii iliyosongamana hata huoni nyumba. Kisii nikabadili gari, tukashika njia ya Keroka na Sotik. Gari lilijaa. Kondakta alitaka sanduku liende juu pamoja na magunia, nikakataa, nikalipa nauli ya kiti cha pili. Hata hivyo, baada ya Keroka gurudumu likaingia shimoni kwa nguvu, na kutoka ndani ya sanduku nikasikia: kach!

Wasomaji, moyo wangu ulikufa ganzi. Sikuthubutu kufungua. Nilikaa nimelikumbatia sanduku nikiwaza: miaka zaidi ya 60 lilikaa chini ya kitanda salama, nami nimelivunja siku ya kulirudisha.

Baada ya Sotik mashamba ya chai hutokea pande zote mbili. Yametandazwa juu ya vilima kama mkeka mmoja wa kijani kibichi, na wachumaji huonekana kuanzia kiunoni tu, kama watu wanaovuka mto. Hewa ni ya baridi, kwa sababu nchi iko juu sana, na mara nyingi mchana ukigeuka mvua hunyesha. Nilimfikiri babu, kijana wa miaka 20 na kitu, amezoea jua la kwetu, akisimama katika chai hiyo asubuhi na nguo zimelowa umande. Nikaelewa kwa nini watu wa kambi walihitaji gramafoni.

Kapkatet ni mji mdogo kando ya barabara iendayo Litein na Kericho. Kuna maduka, soko, hospitali, na pikipiki nyingi. Karani mwenzangu alinipokea, tukatembea kwa miguu njia ya udongo mwekundu, tukashuka bonde, tukapanda tena.

SIKU YA HESABU

Mwenye nyumba, mwana wa rafiki wa babu, ni mzee wa miaka 60 na kitu. Alinipokea kwa adabu. "Chamgei," akasema, nami nikajibu kama nilivyofundishwa njiani. Nikaletewa mursik, maziwa yao ya mtindi yakaayo katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, yenye harufu nzuri ya moshi. Lakini niliona uso wake haukufunguka. Palikuwapo na mzee mwingine, mwana wa yule kaka mkubwa, ambaye aliketi upande wa pili wa chumba, karibu na mlango. Hawakusemezana. Katikati yao aliketi ajuza mmoja mwembamba, mwenye shuka begani, dada mdogo wa rafiki wa babu. Wote walimwita Kogo, yaani bibi.

Nikasimama, nikaeleza yote kama bibi alivyonieleza, bila kupunguza wala kumtetea babu. Mwenye nyumba akamfasiria Kogo. Nilipomaliza pakawa kimya kirefu. Kisha mwenye nyumba akasema kwa Kiswahili:

"Mwalimu, unajua gramafoni hii ilitufanyia nini? Baba mkubwa hakuamini kwamba imeazimwa. Alisema baba yangu ameiuza akanywa pombe. Baba akasema, 'Ngojeni, rafiki yangu atakuja.' Wakangoja. Hakuja mtu. Tangu hapo hawakula pamoja. Baba mkubwa alipokufa mwaka 1979, baba yangu alisimama nje ya ua. Baba naye amekufa akiitwa mwongo na ndugu zake."

Sikuwa na la kusema. Njia nzima nilidhani ninarudisha sanduku la mbao. Kumbe tulikuwa tumekaa na jina la mtu.

Nikapiga magoti chini mbele ya Kogo, kama ningefanya mbele ya bibi yangu, nikaomba radhi kwa ajili ya babu na nyumba yetu. Nikasema pia kwamba njiani nimesikia kitu kimevunjika, wala sijui ni nini. Kisha nikafungua.

Sahani mbili zilikuwa nzima. Ya tatu, mojawapo ya zile zisizosomeka, ilikuwa vipande vinne. Kogo akaviokota kimoja kimoja, akavipanga juu ya paja lake. Akasema maneno, na mpwa wake akanifasiria: "Vipande navyo ni vyetu. Viache."

Kisha akainama, akapapasa ubavu wa sanduku kwa kidole, karibu na tundu la mkono. Alikuwa anatafuta kitu. Akakipata: alama ndogo iliyochomwa kwa chuma cha moto, mistari miwili na nukta. Mimi niliiona siku nyingi nikadhani ni kovu tu. Kogo akamwita yule mzee wa karibu na mlango, mwana wa kaka mkubwa. Akamshika mkono, akamwekea kidole juu ya alama ile. Baba yake ndiye aliyeichoma, na ng'ombe zake zote zilikuwa na alama hiyo hiyo.

Mzee yule alisimama pale muda mrefu. Halafu akamtazama mwenye nyumba, akasema maneno machache kwa lugha yao. Sikufasiriwa, wala sikuuliza. Lakini alipokwenda kuketi, hakurudi karibu na mlango.

CHEMIROCHA

Kogo akasema, "Ipige." Nikakaza utepe, nikatia mwiba mpya, nikaweka sahani ya Jimmie Rodgers. Watoto walijaa mlangoni. Sauti ile iliporuka wakaangua kicheko, na Kogo naye akacheka, akafunika kinywa kwa shuka kama msichana. "Chemirocha!" akasema.

Hapo ndipo nilipoelezwa. Wakipsigis waliposikia sahani za Jimmie Rodgers katika gramafoni, jina lake lilikuwa gumu ulimini. Wakalitamka kwa namna yao: Chemirocha. Katika lugha yao majina ya wasichana mara nyingi huanza kwa Che au Chep, basi jina likakaa vizuri kama la nyumbani. Wengine wakajiuliza: ni kiumbe gani huyu aimbaye hivi na haonekani? Wasichana wakasimulia kwamba ni nusu mtu na nusu mnyama kama paa, wakatunga wimbo wa kumwita aje kucheza. Wakaupiga kwa chepkong', kinanda chao cha nyuzi sita, ambacho ni ndugu wa litungu la kwetu Ukuryani.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alizunguka Afrika ya Mashariki na gari lenye mitambo ya kunasa sauti. Alifika Kapkatet, akawanasa wasichana wakiimba Chemirocha. Mwimbaji aliyewaongoza ameandikwa kwa jina la Chemutoi Ketienya. Mwaka 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, huko Afrika ya Kusini, nayo imeutunza wimbo huo. Umesikilizwa sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2014 watu wa maktaba hiyo pamoja na wenzao wa Nairobi walikuja Kenya kuzirudisha sauti hizo kwa jamaa za walioimba. Tazama basi: wimbo wa vibarua weusi wa Mississippi ulichukuliwa na mtu mweupe wa reli, ukaingia katika sahani, ukavuka bahari, ukageuzwa na wasichana wa milimani, ukaingia tena katika sahani, ukazunguka dunia, kisha ukarudishwa kwa wenyewe. Maktaba ya mbali imerudisha. Sisi wa jirani, wa mwendo wa siku moja, tulichelewa.

Kogo hakuwa miongoni mwa wale walionaswa. Lakini alikuwa msichana wakati ule, na wimbo waliuimba kisimani. Mpwa wake akamwomba auimbe. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaanza, sauti nyembamba kama uzi, na wajukuu wakashika kiitikio ambacho kumbe walikijua. Nikamwomba ruhusa, nikainasa sauti yake katika simu yangu.

Nilipouliza gramafoni itakaa nyumba gani, wazee wale wawili walinyamaza, na nikaogopa ugomvi usije ukaanza upya. Kogo akaamua: "Itakaa kwangu. Anayetaka kuisikia aje. Na wakija, waje wote wawili." Kisha akaichukua sahani ya Jimmie Rodgers, akaifunga katika kitambaa, akanipa. Nikamwambia haiwezekani, nimekuja kurudisha, si kuchukua. Mpwa akafasiri: "Ile ya kwanza babu yako aliiazima. Hii tunampa bibi yako. Aliolewa nayo." Nikasema, "Kongoi," neno lao la ahsante, kwa kuwa langu halikutosha.

Jioni waliandaa ugali, nyama na mboga. Wale wazee wawili walinawa katika beseni moja.

NILIVYORUDI

Kabla sijaondoka nilimvuta mwenye nyumba kando nikamwuliza: je, nimwambie bibi habari za ugomvi wa ndugu wawili? Ni mgonjwa, na nilitaka kumpelekea habari njema tu. Akaenda kumwuliza Kogo. Jibu likaja: "Mwambie yote. Alikutuma usikie tumesema nini."

Basi nikarudi. Bibi alikuwa ameketi nje juani, ana nafuu kidogo. Nikamweleza yote: alama ya moto, na miaka ile ya kutosemezana, na aliyesimama nje ya ua siku ya mazishi ya kaka yake. Alilia kidogo bila sauti. Kisha akauliza, "Na walikula pamoja?"

"Walikula, bibi. Walinawa beseni moja."

"Basi," akasema.

Nikampa sahani. Hatuna tena cha kuipigia, nayo imetundikwa ukutani karibu na kitanda chake, ndani ya kitambaa cha Kogo. Lakini jioni nyingine huniomba simu, tukaisikiliza sauti ya Kogo ikimwita Chemirocha aje kucheza. Bibi haelewi hata neno moja la Kikipsigis. Hugonga tu kidole juu ya goti.

Ndugu wasomaji, huenda hata kwenu kuna chombo kilichofunikwa gunia: jembe la jirani, kitabu cha rafiki, cherehani ya shangazi. Msiseme ni kitu kidogo, mwenyewe amesahau. Sisi tulidhani ni sanduku la kuchezea muziki. Kitazameni vizuri ubavuni, labda mtaona alama ya mwenyewe.